Funguo za Nyumba ya Laare



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii nawatoa pwani na kuwapeleka mbali na bahari, hadi Laare.

Ukitoka Meru mjini ukafuata njia ya Maua, kisha ukaendelea mbele, utafika Laare, mji wa biashara wa Igembe Kaskazini ulio kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Wengi wetu Mombasa tunalijua jina hilo kwa sababu ya mafurushi ya miraa yanayoteremshwa kila siku kwa magari yaendayo mbio. Suala la miraa lina makala yake, nami sikwenda kwa ajili hiyo. Nilikwenda kwa sababu binti wa rafiki yangu marehemu, aliyelelewa Mji wa Kale na kuolewa na mfanyabiashara wa Laare miaka kumi na mitatu iliyopita, alimpigia simu mke wangu akasema, "Nina jambo la nyumbani, na sitaki kulisema kwa simu. Mwambie ami aje."

Tulikwenda sote wawili, mimi na mke wangu. Nilidhani ni ugomvi wa mume na mke. Nilikuta ni ugomvi wa taa.

Nyumba yenye akili

Nyumba ni nzuri, mashaallah. Shemeji yake anayefanya kazi Ghuba aliwatumia vifaa miaka michache iliyopita pamoja na fundi wa kuvifunga kutoka Mombasa. Balbu zilikuwa zikiwaka na kuzimika kwa simu. Pampu ya maji ilijiwasha tangi lilipopungua. Kipaza sauti cha sebuleni kiliadhini kila wakati wa sala. Palikuwa na kamera langoni na kamera nyingine sebuleni. Watu walikuja kuitazama nyumba hiyo kama watazamavyo harusi.

Usiku ule tulipofika, baada ya Isha, intaneti ilikatika. Taa zilizokuwa zimewaka zikabaki zimewaka, na zilizokuwa zimezimwa zikabaki zimezimwa. Nikaenda ukutani kubonyeza swichi, nikakuta imefungwa kwa utepe mweusi. Swichi zote za nyumba ile zilifungwa hivyo. Fundi alikuwa amewaonya wasiziguse kabisa, kwani ukikata umeme ukutani balbu hupoteza mawasiliano na kuacha kutii amri ya simu. Mama mkwe wa binti yetu, bibi mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa na tochi chini ya mto wake. Aliniambia kwa upole, "Sheikh, nyumba hii ina akili kunishinda mimi. Lakini nikiamka saa tisa ya usiku haijui kwamba nataka kutawadha."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana neno lile lilikuwa zito.

Asubuhi yake binti yetu alinieleza kiini cha jambo. Kampuni iliyotengeneza vifaa vile ilikuwa imeleta ujumbe kwamba huduma yake kwa vifaa hivyo itafungwa, na anayetaka kuendelea anunue vipya. Mumewe alikuwa tayari kulipa ili mambo yaishe. Yeye alikataa, kwa sababu alipofungua akaunti kuusoma ujumbe ule aliona ukurasa ambao hakuwahi kuuona: orodha ya simu zenye ruhusa ya kuingia katika nyumba yake. Zilikuwa saba. Ya kwake, ya mumewe, ya shemeji yake wa Ghuba, na ya mtoto wa shemeji. Tatu zilizobaki hakuzijua.

"Ami," akasema, na mke wangu akamshika mkono, "ile kamera ya sebuleni. Hapo ndipo ninapokaa bila buibui. Hapo ndipo ninaponyonyesha."

Idhini ya kuingia

Ndugu wasomaji, dini yetu haikuliacha jambo hili bila hukumu. Katika Suratun Nur, aya ya 27, Mola wetu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, amewaamrisha hata watumishi na watoto wa nyumba ile ile wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri tunapovua nguo, na baada ya sala ya Isha. Tazama jinsi sitara ilivyo nzito: mtoto wako wa kumzaa, ndani ya nyumba yako, ana saa za kubisha hodi.

Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mtu mmoja alimchungulia Mtume (s.a.w.) kwa tundu la mlango naye ameshika kichanuo cha kujikunia kichwa. Mtume (s.a.w.) alimkemea kwa ukali, akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Kumbe hodi si kwa ajili ya miguu peke yake. Aliyekaa Dubai au Nairobi akaangalia sebule yako kwa kioo cha simu amekwisha kuingia, ingawa viatu vyake viko mbali.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Lakini wakili haishi sebuleni mwako. Mlinzi wa kwanza wa nyumba ni wenye nyumba.

Nilimwita mume tukakaa barazani. Ni mtu mwema, mcha Mungu, na nilimwona akibadilika uso alipoiona orodha. Alisema, "Sheikh, mimi nilitaka niwaone wanangu nikiwa safarini." Ni haja ya halali. Kisha mkewe, akiwa upande wa pili wa pazia, akasema neno ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kifuani kwa muda mrefu: "Ungenipigia simu, ningekuonyesha watoto. Lakini ulikuwa ukitutazama bila ya mimi kujua."

Akanyamaza. Baadaye akasema, "Ni kweli. Nimekosa." Nilimshukuru Mungu, kwa sababu nyumba nyingi huvunjika pale ambapo neno hilo dogo hukataa kutoka.

Tulifuatilia zile simu tatu. Moja ilikuwa ya fundi aliyefunga vifaa, ambaye hakujiondoa. Ya pili ilikuwa ya bawabu aliyeacha kazi, na simu yenyewe alikuwa ameshaiuza. Ya tatu hatukuijua mpaka leo.

Amri inayovuka bahari

Huenda msomaji akauliza: balbu iko Laare, simu iko Laare, intaneti inahusikaje? Jibu ni kwamba vifaa vingi vya namna hii havizungumzi vyenyewe kwa vyenyewe. Ukibonyeza simu, amri hutoka nyumbani, hushuka hadi Mombasa, huingia katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS, zilizofika pwani yetu mwaka 2009, hufika kwenye kompyuta za kampuni katika nchi nyingine, kisha hurudi kwa njia hiyo hiyo kuiambia balbu iliyo hatua tatu kutoka ulipokaa iwake. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Siku kama hiyo bibi wa Laare hukosa taa ya chooni kwa sababu ya waya ulio chini ya bahari asiyowahi kuiona.

Na waya ukiwa mzima, kampuni yenyewe yaweza kuondoka. Mwaka 2016 huko Marekani, kifaa kiitwacho Revolv, ambacho watu walikinunua kuendesha nyumba zao, kilizimwa na wenye kukimiliki kikawa kijisanduku kisicho na kazi. Mwaka 2022 kampuni ya Insteon ilizima kompyuta zake bila ya kuwaaga wateja, watu wakaamka na nyumba zisizosikia amri. Mwenye nyumba alikuwa amelipa fedha taslimu, lakini alichonunua kilikuwa nusu ya kitu. Nusu nyingine ilibaki kwa muuzaji.

Linganisheni na jambo ambalo nyinyi nyote mmelipitia. Mita za tokeni zilikuwa zikihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo ilikuwa ifike kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyosasishwa isingekubali tena tokeni mpya. Kenya Power ilitangaza mapema, na kila mwenye mita akapewa namba za tarakimu ishirini mara tatu: mbili za kuisasisha mita, ya tatu ya umeme wenyewe. Wengi walinung'unika, na akina mama wengine walikuja kwetu wakiwa na karatasi mkononi, wakihofia kukosea. Lakini hata hivyo kulikuwa na onyo, kulikuwa na muda, na mita ilibaki ukutani mwako. Mabadiliko si balaa yakija kwa uwazi.

Siku tatu za kuhama

Tulikubaliana mambo matatu kabla ya kugusa chochote. Kwanza, amri za nyumba zibaki ndani ya nyumba. Pili, swichi za ukutani zifanye kazi kwa kila mtu, awe na simu au asiwe nayo. Tatu, fundi awe mwanamke, kwa kuwa ataingia vyumba vyote. Binti yetu alimpata msichana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hodari na mwenye adabu.

Alipendekeza programu iitwayo Home Assistant. Ilianzishwa mwaka 2013 na Mholanzi mmoja, Paulus Schoutsen, haitozwi fedha, na tangu mwaka 2024 iko chini ya wakfu uitwao Open Home Foundation, ulioundwa ili isimilikiwe na kampuni moja. Nilifurahi kusikia habari ya kitu kuwekwa mikononi mwa waangalizi kwa manufaa ya watu wote, maana sisi watu wa pwani tunaijua maana ya wakfu tangu zama za mababu. Programu hiyo hukaa katika kompyuta ndogo, nasi tulitumia Raspberry Pi, isiyozidi kisanduku cha tende. Iliwekwa kabatini na betri ndogo ya kuilinda umeme unapopotea.

Siku ya kwanza alifanya kazi ya kuandika tu. Alipita chumba kwa chumba akiorodhesha kila kifaa na lugha anayotumia kuzungumza. Balbu kumi na moja zilikuwa za Zigbee, mawimbi ya redio ya masafa mafupi yasiyohitaji intaneti. Hizo zingeweza kuhama. Plagi mbili zilikuwa zimefungwa kwa kampuni yake na hazikubali bwana mwingine. Tuliziweka kando, tukahesabu hasara.

Siku ya pili walihama chumba baada ya chumba, na mfumo wa zamani ukaachwa ukifanya kazi kwingineko. Nawausia hivyo: usibomoe nyumba ya zamani kabla ya kuhamia mpya. Kila balbu ilisahaulishwa bwana wake wa kwanza, ikatambulishwa kwa wa pili, ikapewa jina la Kiswahili: taa ya sebuleni, taa ya jikoni, taa ya bibi. Fundi wa umeme akatoa ule utepe mweusi na kufunga kidude kidogo nyuma ya kila swichi, ili ukibonyeza taa iwake hata kompyuta ikiwa imelala. Bibi aliwasha na kuzima taa ya chumba chake mara nne mfululizo. Hakuna aliyemkataza.

Usiku ule hatukulala vizuri. Saa nane taa zote za nyumba ziliwaka kwa pamoja, watoto wakatoka mbio wakidhani kumekucha. Kanuni moja ilikuwa imeandikwa vibaya: badala ya taa ya njia ya chooni, iliamrisha taa zote. Msichana yule aliirekebisha asubuhi, akaomba radhi. Sasa mtu akipita ushorobani usiku huwaka taa moja hafifu, kisha hujizima. Na kuzima taa usiku ni katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.), aliyeamrisha taa zizimwe wakati wa kulala kwa kuhofia moto.

Siku ya tatu ndiyo iliyonishtua mimi. Msichana aliuliza, "Nyakati za sala nizihesabu kwa mji gani?" Tukatazama mfumo wa zamani tukakuta umeandikwa Mombasa. Fundi wa kwanza alikuwa ameuacha hivyo tangu siku alipoujaribu dukani kwake. Laare iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, na kila digrii ni dakika nne. Adhuhuri ya Laare huchelewa kwa takriban dakika saba, na Magharibi huchelewa kwa kiasi kinachobadilika kwa majira. Kipaza sauti kile kilikuwa kikiadhini Magharibi ya Mombasa hali jua la Laare halijatua.

Binti yetu alishika kichwa. "Ami, na futari?"

Tuliulizana kwa utulivu. Alhamdulillah, Ramadhani walikuwa wakifuata adhana ya msikiti, isipokuwa siku chache za mvua kubwa ambapo hawakuisikia wakafuata kipaza sauti. Nikawaeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyefuturu akidhani jua limetua, kisha ikabainika halijatua, hana dhambi, lakini atalipa siku hiyo. Na sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haikidhi faradhi. Walikubali kuzilipa siku zile. Kosa la mtu mmoja aliyesahau kubadilisha neno moja liliifikia saumu ya nyumba nzima.

Zawadi na mwenye kutoa

Kamera ya sebuleni iliondolewa. Ile ya langoni ilibaki, picha zake zikihifadhiwa kabatini bila ya kutoka nje. Palibaki jambo gumu, nalo ni shemeji wa Ghuba, aliyegharimia kila kitu na sasa ametolewa katika orodha. Mume aliogopa kumwambia. Nilimpigia mimi.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Sheikh, mimi nilidhani nimewapa zawadi." Nikamwambia, "Umewapa, na Mungu akulipe. Zawadi ikishatolewa, funguo zake hukaa kwa aliyepewa." Akanyamaza tena. Sikuwa na hakika kama amekasirika. Jioni alimpigia mama yake simu ya picha, wakazungumza kwa saa nzima. Bibi alinionyesha swichi ya ukutani kwa furaha, kisha akamwonyesha na yeye.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Enyi mama na dada zangu, kama nyumbani mwenu kuna kamera, televisheni ya intaneti au kipaza sauti kinachosikiliza, kaeni na waume zenu mjiulize haya. Akaunti imeandikwa kwa jina la nani? Ni simu ngapi zina ruhusa, na za nani? Fundi alipoondoka, nywila ilibadilishwa? Intaneti ikikatika, taa na maji vitapatikana? Kampuni ikifunga milango, kitabaki nini? Na kamera inatazama wapi: inatazama mwizi anapotokea, au inamtazama mama wa nyumba? Msiogope kuuliza kwa kuhofia kuonekana hamjui. Binti yetu hakuwa mjuzi wa kompyuta. Aliusoma ukurasa mmoja ambao wengine wote walikuwa wameupita.

Nanyi waume, mtazameni Mola wenu katika amana hii. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na haikumtoa mume katika katazo hilo. Ukiwa safarini na moyo umewakumbuka watu wako, piga simu, toa salamu, ngoja uitikiwe. Hiyo ndiyo hodi.

Siku ya kuondoka tulisali Alfajiri pamoja. Kipaza sauti kiliadhini kwa wakati wa Laare. Bibi alikuwa ameshatawadha, taa ya chumbani mwake ikiwaka, na ile tochi nilimwona amempa mjukuu aichezee.

Mwenyezi Mungu atujaalie majumba yenye sitara, atuhifadhie tunayoyajua na tusiyoyajua, na atulipe kheri kwa kila mlango tuliougonga kabla ya kuingia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.